Usinilipe nimtengenezee mwanao gari, mlete alitengeneze mwenyewe

Muhula uliopita nilikataa shilingi 1,500. Wanaonijua hawaamini, manake mimi si mtu wa kukataa pesa, na wiki hiyo tokeni za stima zilikuwa zimebaki za kuchaji simu tu. Mama mmoja wa hapa Makadara alikuja mpaka mlangoni akanionyesha ujumbe wa mwalimu: kila mtoto alete gari linalotembea, lililotengenezwa kwa vitu vilivyokwisha tumika. Siku ya mwisho Ijumaa. Yeye alitaka lile langu dogo la rimoti, lile aliloniona nalo kwenye mawe chini ya Fort Jesus, ila liwe jekundu.

Nikamwambia, "Sawa mama, mlete binti kesho akitoka madrasa tuanze."

Akanitazama kama nimemtukana. "Wewe kijana, mimi nakuletea pesa, wewe waniletea kazi? Mtoto ana mitihani."

Akaondoka, akapata fundi mwengine, na Ijumaa gari jekundu likaenda shule. Sina ugomvi na huyo fundi. Nitautoa wapi, na kabla ya hapo mimi mwenyewe nilikuwa nimeuza magari 6 ya aina hiyo? Magari, taa za barabarani, kinu kimoja cha upepo, na volkano ambayo sitaki kuizungumzia. Kilichonigeuza ni mmoja wa wateja wangu hao wadogo, mvulana wa Gredi ya 6, aliyenisimamisha kichochoroni: "Kaka, ile gari yangu imezima. Kwani ndani mna nini?"

Alikuwa amepewa alama za juu kabisa kwa gari hilo.

Nakuandikia wewe mwenye miaka ishirini na kitu, ambaye pengine huna mtoto bado, lakini ndiwe unayetumwa na mama: hebu mtafutie mdogo wako mtu wa kumfanyia huo mradi. Na wewe unanitafuta mimi kwa simu, unaniuliza bei. Sasa wacha nikwambie kwa nini bei imebadilika.

Kwanza, sipingi CBC. Mtaala ulipoanza 2019, wazo la mtoto kufanya kitu kwa mikono yake lilinifurahisha kuliko watu wengi, manake hivyo tu ndivyo ninavyojua kujifunza. Niliacha chuo mwaka wa pili wa diploma ya umeme. Ada ilikuwa sababu moja. Sababu ya pili, ambayo mama yangu hapendi niitaje mbele za watu, ni kwamba nilikuwa naanguka mekanika kila nikiirudia. Nilikariri fomula ya nguvu ya kuzungusha bila kujua inazungusha nini. Nimekuja kuielewa miaka 3 baadaye, nimechuchumaa juu ya mwamba, natazama kitu chenye ukubwa wa kiatu kikishindwa kupanda jiwe.

Wenye mchezo huu duniani wanakiita krola. Ni kigari cha rimoti ambacho hakishindani mbio na mtu. Kazi yake ni kutambaa juu ya mawe bila kupinduka, na anayesifiwa ni yule aliyepanda palipokataa kupandika, hata akichukua dakika 10 kwa hatua 3. Viko vya kipimo cha 1:10, yaani mara 10 vidogo kuliko gari la kweli, na viko vya 1:24 vinavyoingia mfukoni mwa koti. Vinauzwa tayari pia, kama Axial SCX24 au Traxxas TRX-4M, lakini ukishaongeza usafiri na ushuru, hiyo ni kodi ya chumba ya miezi. Changu kilianza kama maiti. Nilikipata mitumba ya Kongowea kwa shilingi 300, gari la Kichina la 1:16, bodi limepasuka, rimoti hakuna, mota imeungua. Lakini chini yake kulikuwa na ekseli 2 nzima, springi 4 na magurudumu yote. Nikakiita Kinyonga.

Usije ukaniambia huu ni mchezo wa wazungu. Muulize babako alichezea nini. Kenya nzima watoto wamekunja magari ya waya yenye usukani mrefu wa kusukumia, magurudumu ya champali iliyokatika, bodi la kopo la Kimbo. Huku pwani wamechonga vidau vya tanga la karatasi ya nailoni na kuvishindanisha maji yakijaa. Hakuna aliyewanunulia. Kidau kikilala upande, mtoto alikitoa majini, akasogeza mlingoti kidogo, akakirudisha. Huko kukitoa na kukirudisha ndiko ninakotaka kukuzungumzia, kwa sababu ndiko kunakokosekana kwenye gari jekundu la Ijumaa. Kuunganisha vipande ni kazi ya siku moja. Kukilainisha kigari mpaka kipande kulinila miezi 4, na mekanika yote niliyoikosa chuoni ilikuwa humo.

Mota ya kwanza niliyoiweka ilikuwa na mbio za ajabu. Sebuleni ilipaa mpaka ikagonga kabati ya vyombo, na nikatangaza ushindi. Nilipofika nayo kwenye jiwe la kwanza, ikanguruma, ikanyamaza, ikaanza kunuka. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mota inayozunguka bila kizuizi inakula umeme kidogo, na mota iliyokwama ndiyo inayokula mwingi kuliko wakati wowote, na umeme huo wote unageuka joto. Nikafanya wanalofanya vijana wote, nikatafuta mota kubwa zaidi. Nayo ikaungua, ila kwa heshima zaidi.

Dawa ilikuwa gia. Gia ya meno 10 ikiizungusha ya meno 40, kasi inagawanywa kwa 4, na nguvu ya kuzungusha inaongezeka karibu mara 4, ukitoa kidogo inachoiba msuguano. Kama umewahi kupanda Daraja la Nyali kwa baiskeli ya gia, miguu yako inajua habari hii hata kama kichwa hakijui. Kwa hivyo nikaweka mota ndogo yenye giaboksi yake ya chuma, ya aina wanayouzia watu wa roboti pale Luthuli, Nairobi, nikaletewa kwa basi mpaka Mwembe Tayari. Sasa magurudumu yangu yanazunguka mara 100 kwa dakika, gari likiwa limeachiwa mwendo wote. Gurudumu lina upana wa sentimita 6, kwa hivyo mzunguko mmoja ni kama sentimita 19, na kigari kinakwenda sentimita 31 kwa sekunde. Paka anayenyemelea samaki anakipita. Lakini sasa likifika kwenye jiwe halingurumi, linapanda tu.

Rimoti nayo ilinisumbua. Rimoti nyingi za toi za bei rahisi zinajua maneno mawili tu, kulia kote au kushoto kote, twende au simama. Juu ya mwamba hiyo ni njia ya kujirusha. Unahitaji ile ambayo ukiuvuta usukani kidogo magurudumu yanakata kidogo, na kidhibiti mwendo ambacho ukiachia kidole kinaishika mota isirudi nyuma kwenye mteremko. Na ile servo inayokata kona, nunua yenye meno ya chuma. Ya plastiki niliyoanza nayo ilikatika meno siku ya kwanza, gurudumu likiwa limebanwa kwenye ufa.

Halafu likaja tatizo la kupinduka, na hapa sikusaidiwa na intaneti. Nilikuwa nimefunga betri juu, nyuma, chini ya bodi, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Kila jiwe la kwenda juu, kigari kiliinua pua, kikasimama wima, kikaanguka chali kama kobe. Mzee mmoja wa barazani, aliyekuwa baharia wa majahazi ujanani, alikuwa akinywa kahawa yake huku akinitazama naaibika. Mwishowe akashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, farumi yako umeiweka darini."

"Farumi gani, ami?"

"Chombo kikiwa kitupu hutiwa mawe chini, tumboni. Wewe mawe yako umeyapandisha mlingotini."

Nilirudi nyumbani nikahamisha betri ikalala juu ya ekseli ya mbele, chini kabisa. Kisha nikachukua kibao cha chapati na protrakta ya seti ya hesabu, nikakiweka kigari ubavu kwenye kibao na kukiinua taratibu nione kitaanguka kwa nyuzi ngapi. Hesabu yake ni ya shule ya upili: chukua umbali kutoka katikati ya gari mpaka nje ya tairi, ugawe kwa urefu wa kitovu cha uzito kutoka chini. Kwangu umbali ule ni sentimita 6. Kitovu kikiwa juu sentimita 6, tanjenti ni 1, gari linapinduka kwa nyuzi 45. Ukikishusha mpaka sentimita 4.5 tu, linavumilia nyuzi 53. Sentimita moja na nusu. Sikuongeza nguvu, sikununua kitu. Hiyo tanjenti nilikuwa nimeitazama ubaoni miaka mingi na sijawahi kuiona kazini.

Mengine nayapita haraka. Difu zimefungwa zote, mbele na nyuma, ili gurudumu likining'inia hewani lenzake lisinyimwe nguvu. Hasara yake ni kwamba kigari kinakata kona kwa upana kama lori la bandarini. Tairi nimezijaza sifongo ya godoro na kuzitoboa kitundu kila moja ili hewa itoke, zikumbatie jiwe badala ya kudundadunda. Na betri ni seli 2 za 18650 kutoka laptopu iliyokufa, volti 3.7 kila moja, zikifuatana zinatoa 7.4. Hapa sina mzaha. Seli hizi hazichajiwi kupita volti 4.2 na haziachwi zishuke chini ya 3, na zikikutana nyaya vibaya zinawaka moto kweli. Mtoto akija kwangu, kila kitu anafanya mwenyewe isipokuwa kuchomea betri.

Uwanja wetu wa majaribio ni bora kuliko wa watu wengi waliopo Ulaya wanaonunua mawe ya plastiki waweke bustanini. Maji yakipwa, mwamba wa matumbawe unabaki wazi, umejaa vishimo, vidaraja na makali yanayokata tairi kama kisu. Bei yake ni chumvi. Ukisahau kukisuuza kigari kwa maji matamu, kukikausha na kukipaka mafuta, wiki ya pili mapia yameota kutu na shafti imeshikana. Nishapoteza mota mbili hivyo. Yaani kisiwa hiki kinakufundisha matengenezo, utake usitake.

Sasa nikichuchumaa pale, watu wanasemaje? Kijana mzima na ndevu zake, ameacha chuo, anacheza toi. Nimezoea. Lakini huwa nawauliza kama wanaijua Rhino Charge. Tangu 1989, kila mwaka watu wazima wa nchi hii, wengine na magari ya mamilioni, wanakwenda porini kushindana, na ushindi si wa mwenye mbio. Una saa 10 za kufikia vituo vyote, na anayeshinda ni aliyetembea umbali mfupi zaidi, manake amekata moja kwa moja kwenye makorongo na majabali badala ya kuzunguka. Pesa walizochanga ndizo zilizosaidia kuzungushia ua msitu wa Aberdare, kama kilomita 400, kazi iliyokamilika 2009. Yale magari ni Kinyonga, tofauti ni kipimo: difu za kufunga, gia za chini, uzito chini. Hakuna anayewaambia wanacheza toi. Kumbe tofauti ya mchezo na kazi hapa kwetu ni bei ya gari.

Turudi kwa yule mama. Sikutaka kumdharau, na sitaki wewe umdharau. Wengi wanaonijia wanaamka alfajiri kukanda mahamri, wanarudi usiku. Kulipa ndiyo njia yao ya kumjali mtoto, na wanajua kwamba gari baya la mtoto wao litawekwa meza moja na gari zuri la fundi, na mwalimu mwenye darasa limejaa hadi mlangoni atatoa alama kwa macho. Katika mpango huo, mama anayelipa ana akili. Mjinga ni yule anayemwacha mwanawe akatengeneze mwenyewe na kuambulia aibu.

Kwa hivyo ombi langu ni kwa walimu kabla ya wazazi, na halihitaji bajeti. Mtoto akileta gari, mpe bisibisi alifungue. Muulize waya huu unakwenda wapi. Ling'oe kitu kimoja, umwambie alirudishe litembee. Dakika 2 kwa kila mtoto. Siku mtakayoanza, biashara yangu ya volkano imekufa hapo hapo, na nitakuwa wa kwanza kulalamika kwa sauti, lakini msinisikilize.

Na kwako wewe kaka au dada mtu: bei mpya ni shilingi 500 mtoto akija, na hakuna bei mtoto asipokuja. Jumamosi 3. Vipande tunavitafuta pamoja, toi zilizokufa, feni ndogo, printa mbovu. Usikae naye ukamshikia kila kitu, nimewaona wengine mnavyofanya, bisibisi iko mkononi mwako na mtoto anashika tochi. Mwache akosee. Gari lake la kwanza litakuwa baya. Litakuwa na gundi mahali pasipo gundi.

Tangu nitangaze hivyo wamekuja 4 tu, na siwezi kukuficha kwamba mfukoni nahisi. Lakini mmoja wao, binti mdogo asiyezungumza sana, alikuwa na gari lililoinua pua kama langu zamani. Nikafungua mdomo nimpe hotuba ya farumi na tanjenti. Hakuningoja. Alikuwa amekwisha kuokota nati 2 za pikipiki kwenye kopo langu la takataka na kuzifunga kwa raba kwenye ekseli ya mbele, moja kila upande. Likapanda. Mimi kufika hapo kulinigharimu mota mbili, baharia mmoja na diploma.

Na yule wa "ndani mna nini" alirudi pia, bila mama yake kujua, gari langu nililomuuzia likiwa ndani ya mfuko wa shule. Nikampa bisibisi, sikusema kitu. Alichukua karibu nusu saa kutoa skrubu 4, moja ikapotea na hatujaipata hadi leo. Akainua kifuniko, akachungulia muda mrefu, kisha akauonyesha kwa kidole waya mwekundu uliokuwa umening'inia. Umeachia pale nilipouchomea mimi, ovyo, usiku wa kuamkia Ijumaa, nikikimbizana na pesa.

"Huyu fundi hakushikisha vizuri," akasema.

Nikamwambia ni kweli. Nikamwashia chuma cha kuchomea, nikamwonyesha kwenye kipande cha waya mbovu kwanza, halafu akafanya mwenyewe, na kwa kuwa alikuwa ameamua kufungua na ule mweusi auchunguze, akazirudisha nyaya mbili zikiwa zimebadilishana. Akawasha. Gari likaenda kinyumenyume. Nikanyoosha mkono nizigeuze, akalivuta kwake. Anataka aone kwanza kwa nini. Akaondoka nalo hivyo hivyo, likirudi nyuma kichochoro kizima, yeye akilifuata.